Mfungue kuku mzima kwanza: somo la viungo vya ndani kwa wanafunzi na wafugaji

Leo nawaletea somo nililofundisha shuleni, ila nimeliandika upya ili na wazazi wa wale watoto walisome, maana kusema kweli wao ndio wanalihitaji zaidi.

Ilikuwa hivi. Mwalimu wa Baiolojia wa shule moja ya kata huku Mkalama alinipigia simu. Akasema, "Bwana Mifugo, wanafunzi wangu wamekariri umio, kongosho na bandama, mtihani wanajibu vizuri. Lakini nikiwaonyesha bandama yenyewe hakuna anayeijua. Njoo unisaidie." Nikamwambia hao wanafunzi bandama wameshaiona mara nyingi tu, maana kila sikukuu wanachinja kuku nyumbani. Wanaitupia mbwa pamoja na utumbo bila kuitazama.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Singida ni mkoa wa kuku. Mtu wa Dar es Salaam ukimtajia kuku wa kienyeji, jina la Singida halikosi kufuata. Matenga yanapakiwa kwenye magari kila siku. Lakini kuku akifa nyumbani, sababu ni moja tu: mdondo. Amekufa mmoja, mdondo. Wamekufa ishirini, mdondo. Kifaranga kakanyagwa na ng'ombe, wapo watakaosema alikuwa na mdondo ndiyo maana hakukimbia. Na ukisema mdondo kwa kila kitu, hutajua siku ambayo dawa ya shilingi chache ingekuokolea kundi zima.

Kwa hiyo nilimwomba mwalimu atafute mtetea mmoja mzima wa afya, tena anayetaga. Mpishi wa shule alinung'unika sana: mnachinja kuku anayetaga? Nikamwahidi kwamba kuku ataishia kwenye sufuria yake, hatapotea. Alichinja mwalimu mmoja Mwislamu, ili mwanafunzi yeyote atakayeonja asiwe na wasiwasi. Tukamnyonyoa kwa maji ya moto, tukamweka juu ya meza chini ya mwarobaini. Vifaa ni kisu kikali, mkasi, glovu, ndoo ya maji, sabuni na sinia safi. Hakuna kingine.

Sheria niliyowapa ni hii: lazima umjue kuku mzima ndani alivyo kabla hujamfungua mgonjwa. Ukianza na mgonjwa kila kitu kitakuwa ugonjwa machoni pako. Nimeshaona mfugaji akinionyesha kifuko cha nyongo, kibichi kabisa kama kilivyoumbwa, ananiambia "Bwana Mifugo, ona sumu hii."

Kabla ya kukata, shika kidari. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili za mfupa wa kidari, ukipitisha kidole unahisi mviringo. Kuku aliyekonda, mfupa ule unasimama kama mgongo wa kisu. Hicho kipimo hakihitaji kumchinja. Unaweza kukifanya jioni wakati kuku wanaingia bandani, mmoja mmoja, na kwa kundi la kuku thelathini hutamaliza nusu saa.

Tulianza na kupumua, kabla hatujatoboa tumbo, kwa sababu ukishatoboa huwezi tena kuonyesha. Pale shingoni palipokatwa kuna mirija miwili. Mmoja laini, unalegea kama kitambaa: huo ni umio, njia ya chakula. Mwingine mgumu wenye pete pete, ukiubana unarudi wazi wenyewe: hilo ni bomba la hewa. Nikachomeka mrija wa kalamu ya biki kwenye bomba la hewa, nikafunga kwa uzi, nikaunganisha na pampu ya baiskeli. (Msipulize kwa mdomo, nawasihi.) Nikasukuma taratibu. Kidari kikainuka, sawa, hilo walilitegemea. Halafu tumbo nalo likajaa mpaka karibu na mkia. Darasa zima likaguna.

Mtu akivuta pumzi, hewa inaishia kwenye mapafu. Kuku siyo hivyo. Ana mapafu madogo mawili ya rangi ya waridi, yamejibana kwenye mbavu za mgongoni, tena hayatanuki na kusinyaa kama yetu. Kinachofanya kazi ya kuvuta na kusukuma ni vifuko vya hewa, viko tisa, vyembamba kama mfuko wa nailoni, vimetandazwa shingoni, kifuani na tumboni, na vingine vinaingia hadi ndani ya mfupa wa bawa. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kutenga kifua na tumbo. Anapumua kwa kuinua na kushusha kile kidari.

Sasa mtu ataniuliza, hii inamsaidia nini mfugaji? Inasaidia sana. Kwanza, ukimshika kuku kwa kumkumbatia kifua kwa nguvu, humtulizi, unamkaba. Watoto wadogo wanaua vifaranga namna hii bila kujua, na wakubwa tunaua kwenye matenga. Ukishindilia kuku mpaka vidari vimebanana, wale wa katikati hawapati nafasi ya kuinua kifua. Ongeza jua la mchana. Kuku hana jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi, na joto lake la kawaida ni kama nyuzi 41, yaani tayari liko juu kuliko letu. Hema haiwezekani, jasho hana, basi. Mfanyabiashara akifika sokoni akakuta wanne wamekufa anasema alinunua kuku wagonjwa kwako. Inawezekana alinunua wazima.

Pili, vumbi na harufu kali ya kinyesi bandani. Ndani ya bomba la hewa kuna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kazi yake ni kufagia uchafu urudi juu. Ile harufu inayokutoa machozi ukifungua banda asubuhi inaviharibu. Vikishaharibika, vijidudu vya mafua na vya mdondo vinapita mlango wazi, na kwa sababu vifuko vya hewa vimesambaa mwili mzima, ugonjwa wa kifua kwa kuku unakuwa haraka ugonjwa wa tumbo na kila mahali. Ukiinama bandani kwa usawa wa kuku ukashindwa kuvuta pumzi vizuri, toboa dirisha.

Haya, tukafungua. Unakata ngozi kati ya paja na tumbo pande zote mbili, unayasukuma mapaja chini mpaka yalegee, kuku analala vizuri bila kushikiliwa. Halafu unakata chini ya ncha ya kidari, unapanda na mkasi ukikata mbavu kushoto na kulia, unanyanyua kidari chote kama kifuniko cha sufuria. Kila kitu kiko mbele yako. Usivute kitu chochote kwanza. Tazama.

Ini ndilo kubwa kuliko vyote unavyoviona mwanzo: vipande viwili, rangi ya hudhurungi iliyokolea, kingo zake kali. Kingo zikiwa butu na ini limevimba, hiyo ni dalili. Likiwa na rangi kama ya shaba au kijani, na bandama nayo imekuwa kubwa, fikiria homa ya matumbo na utafute mtaalamu apeleke sampuli maabara, usibahatishe. Moyo umekaa juu katikati ya vipande vya ini, una vyumba vinne kama wako. Bandama ilisumbua kidogo. Wanafunzi waliitafuta kwenye ini, wakaitafuta kwenye utumbo. Iko kwenye kona, pale tumbo linapokutana na firigisi, kiduara kidogo chekundu cha kukolea kama tunda dogo. Binti aliyeiona wa kwanza alipiga kelele kama kaokota fedha.

Njia ya chakula tuliifuata kuanzia mdomoni hadi nyuma, na hapa nilikaa muda mrefu kwa sababu ndipo magonjwa mengi yanapoandika habari zake. Kuku hana meno. Chakula kinashuka umio kinaingia kwenye gole, ule mfuko wa shingoni. Tukapasua gole la mtetea yule: mtama, majani, na vichwa vya mchwa. Mwalimu akacheka, "Huyu amekula vizuri kuliko sisi." Gole ni ghala tu, chakula kinalowa pale kikisubiri zamu. Ukishika gole la kuku jioni linatakiwa kuwa limejaa, na alfajiri liwe tupu. Gole lililojaa alfajiri na gumu kama mpira maana yake kuna kitu kimeziba, mara nyingi nyasi ndefu au kamba. Gole tupu jioni maana yake kuku hajala siku nzima, na kuku asiyekula ni mgonjwa au ananyang'anywa na wenzake.

Baada ya gole kuna sehemu mbili za tumbo. Ya kwanza ni kifuko kidogo kirefu, wengi hawakijui jina wala kazi, wanadhani ni umio umenenepa. Hapo ndipo asidi inapotoka. Ukikipasua unaona ndani kumejaa vipele vipele vidogo, kila kimoja ni tezi. Nikawaambia wanafunzi watazame vile vipele kwa makini, rangi yake ni nyeupe ya maziwa, safi. Waikariri rangi hiyo. Kwa kuku aliyekufa na mdondo, mara nyingi utakuta kwenye ncha za vipele vile kuna madoa ya damu, kama mtu amechoma kwa sindano. Si lazima yawepo kila mara, ndiyo maana hatumtazami kuku mmoja tukatoa hukumu, lakini ukiyakuta kwa kuku wawili watatu wa kundi moja, na wenzao wanapinda shingo na kuharisha kijani, sina haja ya kukueleza zaidi.

Ya pili ni firigisi. Hiyo kila mtu anaijua, tena wanaigombea. Lakini umeshajiuliza kwa nini nyama yake ni ngumu vile? Ni kinu. Kuku anameza changarawe, zinakaa humo, firigisi inakaza na kulegea inasaga mtama kwa mawe. Ile ngozi ya njano tunayoibandua jikoni ni kinga isichubuke. Ndani ya firigisi ya mtetea wetu tulikuta changarawe nyeupe, maganda ya alizeti, na kipande cha waya kama nusu ya kidole. Huyo waya hakuwa amemdhuru bado. Siku moja angetoboa. Mnaokata waya za uzio karibu na banda, okoteni vipande.

Halafu utumbo mwembamba. Kitanzi cha kwanza kimeshikana na kitu cha rangi ya waridi hafifu kama kidole chembamba kilicholala katikati: kongosho. Kongosho na nyongo zote zinamwaga maji yake hapa ili chakula kiyeyuke, na kuanzia hapa chakula ndiyo kinaingia kwenye damu. Mwisho wa utumbo mwembamba kuna mifuko miwili mirefu iliyofungwa upande mmoja, inaitwa seka. Kinyesi kinachotoka huko ni cha rangi ya kahawia iliyokolea, laini kama ugoro uliolowa, kinanuka kuliko kile kingine, na kuku hukitoa mara chache kwa siku. Wafugaji wengi wakikiona wananipigia simu kwamba kuku anaharisha. Haharishi. Hiyo ni kawaida.

Damu ndani ya seka siyo kawaida. Na hapa lazima niseme kosa langu. Miaka ya mwanzo kazini, mzee mmoja aliniita, vifaranga wake wa mwezi mmoja walikuwa wanakufa, wanajikunyata, manyoya yamesimama. Ulikuwa msimu wa mdondo, nilikuwa nimetoka vijiji viwili vyenye mdondo, nimechoka. Nikasimama mlangoni mwa banda nikasema ni mdondo, mzee wangu, hauna dawa, zika hao uliobaki nao usubiri. Sikumfungua hata mmoja. Baada ya siku nne vifaranga wakawa wamebaki wachache, mwenzangu mmoja alipita pale akafungua: seka zote zimejaa damu. Ni koksidi, na dawa yake ipo, inawekwa kwenye maji ya kunywa, tena mzee alikuwa na uwezo wa kuinunua. Nilirudi kumwomba radhi. Alinikaribisha uji, hakusema neno, na mpaka leo nikipita kwake namuamkia kwa aibu. Tangu siku hiyo kisu kiko kwenye mkoba wa pikipiki.

Figo hazikuonekana mpaka tulipotoa utumbo wote. Zimejichimbia kwenye mifupa ya mgongo, kila upande moja yenye vipande vitatu. Kuku hana kibofu cha mkojo. Mkojo wake ni ule unga mweupe juu ya kinyesi. Vinatoka pamoja kwenye tundu moja la nyuma, na tundu hilo hilo ndilo yai linapotokea. Mvulana mmoja akauliza, "Kwa hiyo kuku hakojoi?" Anakojoa, ila mkojo wake ni chokaa siyo maji, ndiyo maana anavumilia ukame wetu kuliko ng'ombe. Asikudanganye lakini. Kuku asiponywa maji kutwa moja ya kiangazi utaona kwenye mayai kesho yake.

Na mayai ndiyo yaliyonyamazisha darasa. Mtetea ana ovari moja inayofanya kazi, ya kushoto. Ya kulia inabaki kitu kidogo kisicho na kazi. Ovari ya kuku anayetaga ni kama kichala cha zabibu za njano: viini vya kila ukubwa, kimoja kikubwa tayari kwa leo, kinachofuata kidogo kidogo, mpaka vidogo kama kichwa cha pini visivyohesabika. Kiini kikikomaa kinadondoka, kinadakwa na mdomo wa mrija wa mayai. Kama jogoo amempanda, mbegu zinakutana na kiini hapo hapo mwanzoni, kabla ute na ganda havijawekwa. Mbegu za jogoo zinaweza kukaa hai ndani ya mtetea kama wiki mbili, kwa hiyo ukibadilisha jogoo leo, vifaranga wa wiki hii wanaweza kuwa bado wa yule wa zamani. Kwenye mrija ute unawekwa kwa muda wa kama saa tatu, kisha ngozi nyembamba kwa saa moja na kidogo, halafu yai linakaa kama saa 20 likivikwa ganda. Jumla inazidi siku moja kidogo, ndiyo maana kuku wako akitaga asubuhi leo, kesho atachelewa, keshokutwa atachelewa zaidi, halafu anaruka siku.

Mtetea wetu alikuwa na yai ndani, ganda limeshaanza kuwa gumu. Mpishi alisimama nyuma yetu akatikisa kichwa. Nikawaambia wanafunzi ganda lile ni chokaa, na chokaa hiyo isipotoka kwenye chakula inatolewa kwenye mifupa ya kuku mwenyewe. Maganda ya mayai ya nyumbani yakaushwe, yatwangwe laini mpaka yasitambulike, kuku wapewe. Ukiwapa nusu nusu wanajifunza kula mayai, halafu utanilaumu.

Jambo la mwisho kwa kuku mzima: kwa kuku mdogo, juu ya tundu la nyuma kwa ndani, kuna kijifuko kama harage kinachoitwa bursa. Ndicho kinachofundisha mwili wa kifaranga kupigana na magonjwa, na kuku akipevuka kinasinyaa. Kwa hiyo kwa mtetea yule hatukukiona vizuri. Ugonjwa wa Gumboro unashambulia hapo hapo, ndiyo maana kifaranga aliyepona Gumboro mara nyingi hata chanjo nyingine hazimkai sawasawa.

Tukamkabidhi mpishi kuku wake. Nilidhani somo limeisha. Yule binti aliyeipata bandama akanifuata kando, akaniamkia, akasema mama yake amemtuma. Alikuwa amekuja na kuku kwenye kikapu.

Nyumbani kwao walikuwa na kuku kama arobaini. Tangu mvua zilipokatika walikuwa wanakufa, lakini siyo kwa pamoja: mmoja leo, baada ya siku tatu nne mwingine, wengi wao wale wa miezi miwili mitatu. Mama aliambiwa ni mdondo. Akanunua dawa ya unga ya rangi ya njano, akaweka kwenye maji, wakaendelea kufa. Akanunua tena. Mwisho, kwa hofu, akawauzia wachuuzi mitetea saba kwa nusu ya bei. Hizo zilikuwa hela za binti huyu za muhula unaofuata, alisema hivyo huku anatazama chini.

Kwanza niliwaambia wanafunzi tusimame upande ambao upepo unatoka, na kwamba nitakayegusa ni mimi peke yangu. Kuku mgonjwa hafunguliwi mezani panapoliwa. Tulikwenda nyuma, karibu na shimo la taka. Nikamtazama akiwa hai. Shingo iko sawa. Hakohoi. Kinyesi siyo kijani. Upanga wake umepauka, na kidari ukikishika ni kisu. Nikawauliza wanafunzi: mdondo unamuua kuku asiyechanjwa kwa siku chache, na kundi zima linakwenda pamoja. Huyu amekonda, kukonda namna hii kunachukua muda gani? Wakasema wiki. Nikawaambia basi mmeshajibu nusu.

Tulimchinja, nikamlowanisha manyoya kwa maji ya sabuni ili vumbi lisiruke, nikafungua. Bomba la hewa safi. Kile kifuko cha asidi, vipele vyeupe, kama vya asubuhi. Ini dogo lakini rangi yake nzuri. Seka hazina damu. Halafu nikapitisha mkasi kwenye utumbo mwembamba na hapo hakukuwa na haja ya kusema kitu. Minyoo. Mirefu kama kidole, myeupe ya njano, imesongamana kama tambi kwenye sahani, sehemu moja imeziba utumbo kabisa. Wanafunzi wawili waliondoka kwenda kutapika. Binti hakuondoka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ile dawa ya njano?"

Ile dawa ya njano ni ya kuua vijidudu vya bakteria. Haiui minyoo. Na hata kama ungekuwa mdondo isingefaa, kwa sababu mdondo ni virusi, hauna dawa, una chanjo tu: ile ya I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku ambaye bado ni mzima. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani ingawa bado itunzwe kivulini na pa baridi, na nchini inatengenezwa na TVLA. Chanja kabla ya kiangazi kupamba moto. Kuku akishaanza kupinda shingo umechelewa.

Minyoo ile mayai yake yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye udongo kama wiki mbili mpaka yaive, halafu kifaranga anayaokota anapochakura. Kwenye udongo wenye kivuli na unyevu yanaweza kuishi miezi mingi. Kwa hiyo kutibu kuku bila kufagia banda ni kazi bure. Nilimpa binti maelekezo ya kumpelekea mama: dawa ya minyoo yenye paiperazini, ipimwe kwa uzito wa kuku siyo kwa kukisia, wape kundi zima siku moja, kinyesi kiondolewe bandani kila siku kwa wiki mbili na kifukiwe mbali, vyombo vya maji vinyanyuliwe kuku wasivikanyage, na dawa irudiwe kila miezi mitatu. Wakishapata nafuu, baada ya wiki moja au mbili, chanjo. Mayai na nyama msile mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa ziishe. Yule kuku tulimfukia kwa kina, tukaosha kisu, mikono na viatu.

Kabla ya kuagana mvulana mmoja akasema wakifa ng'ombe au mbuzi nyumbani sasa watawafungua wenyewe. Hapana, hapana! Hili nalisema kwa herufi kubwa hata kama nimeliandika kwa ndogo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo au punda aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma, asifunguliwe na mtu yeyote. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Ukimpasua, vijidudu vyake vikikutana na hewa vinajitengenezea ganda, vinakaa ardhini miaka na miaka, na wewe mwenyewe utaumwa, na mtakaokula nyama mnaweza kufa. Mfunike, zuia mbwa na watoto, mwite daktari wa mifugo wa wilaya. Hata kuku: wakifa wengi kwa mkupuo mmoja usiku, usianze na kisu, anza na simu.

Wiki iliyopita mama yake binti alinipigia mwenyewe. Vifo vimesimama, amebaki na kuku kumi na tisa. Alipata mgeni, akachinja, na safari hii hakuutupa utumbo. Ameupasua wote kwa wembe juu ya jani la mgomba. "Ile kama tambi haipo, Bwana Mifugo, nimetafuta. Ila kuna kingine, chembamba, kimebapa kama utepe, kina pingili pingili, kimeng'ang'ania."

Huyo ni tegu, mama. Kuku anampata kwa kula mende wa kinyesi, sisimizi na nzi, na paiperazini haimgusi. Inatakiwa dawa nyingine. Nakuja huko Alhamisi, na usiutupe huo utumbo, uweke kwenye kopo la chumvi nije niuone.